Baba hawezi kusema "maji" lakini kaswida anaimba: wimbo unakaa wapi kichwani?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Ujiji, Kigoma. Baba yangu ana miaka 63, alikuwa mvuvi wa dagaa pale Kibirizi. Miezi mitano iliyopita alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakakatika. Tunachomwambia anaelewa, lakini jibu lake ni "ee" au "aa-aa" basi. Akitaka maji anaonyesha kwa mkono, tukikosea anakasirika mpaka machozi yanamtoka. Sasa Alhamisi iliyopita usiku kwa jirani kulikuwa na maulidi. Tulimtoa baba kibarazani apate upepo. Madufu yalipoanza na yeye akaanza kuimba kaswida, maneno yote, ya Kiarabu na ya Kiswahili, safi kabisa. Tuliishiwa nguvu. Asubuhi nikamwambia, "Baba, sema maji," akashindwa. Shangazi anasema baba anatufanyia kusudi, wengine wanasema ule usiku alikuwa na jini. Naomba ukweli. Wimbo unakaa wapi kichwani, na kama maneno yapo kwenye wimbo, mbona mdomoni hayapo?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na shangazi, kwa kuwa maneno ya shangazi huwa na uzito nyumbani. Mwambie kwa adabu zote kwamba baba hafanyi kusudi. Hali hii haiigizwi. Asiyeijua asingewaza hata kuibuni. Na wanaotaja jini siwezi kuwazuia kutaja, ila wasiwazuie ninyi kumrudisha mgonjwa kliniki, maana kilichotokea kibarazani kwenu kinajulikana katika tiba tangu zamani sana. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za kijana mmoja, mtoto wa mkulima, aliyepooza upande wa kulia na kubakiwa na neno moja tu, "ndiyo". Kijana huyo aliweza kuimba nyimbo za kanisani alizojifunza kabla hajaugua, na maneno yakamtoka sawasawa kama ya mtu mwenye afya, mradi mwenzake amwanzishie kidogo. Lishike hilo la kuanzishiwa. Baba yako naye hakuanza mwenyewe, walimwanzishia majirani.

Kwa nini ni upande wa kulia uliolegea? Nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa wanaotumia mkono wa kulia, takriban 95 kati ya kila 100, nusu hiyohiyo ya kushoto ndiyo inayobeba kazi kubwa ya lugha. Damu ikikosa njia upande huo, mkono na maneno huzama pamoja kama watu waliopanda mtumbwi mmoja. Aliyelionyesha jambo hili kwa ushahidi ni daktari Mfaransa, Paul Broca, mwaka 1861. Alikuwa na mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye hospitalini walimwita Tan, kwa sababu kila alipoulizwa kitu alijibu "tan, tan". Aliyoambiwa aliyaelewa vizuri tu. Na akipandwa na hasira, laana nzima ilimtoka bila kukwama! Alipofariki, Broca aliutazama ubongo wake akakuta sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto imeharibika. Eneo hilo mpaka leo linaitwa kwa jina la Broca.

Hali ya namna hii inaitwa afasia. Kwa maelezo yako, baba hajapoteza akili, wala hajasahau maji ni nini. Anayajua, ana kiu, anayaona pale kwenye mtungi. Kilichokatika ni njia ya kuzikusanya sauti za neno hilo na kuziagiza mdomoni kwa wakati anaoutaka yeye. Reli ikisombwa na mafuriko huko Uvinza, Kigoma haijafutika kwenye ramani. Mwenye safari atazunguka Kasulu na Kibondo. Atachelewa, mizigo mingine itabaki, lakini atafika. Wimbo ni ile njia ya kuzungukia Kasulu. Ndiyo maana machozi yanamtoka mkikosea: yupo mzima ndani, anawaona mkikosea.

Sasa swali lako lenyewe. Wimbo haukai mahali pamoja. Hakuna chumba kichwani ambamo nyimbo zimewekwa kama kanda kabatini. Nikupe safari ya pigo moja tu la dufu uone.

Kiganja kinagonga ngozi, ngozi inatikisa hewa, hewa inafika sikioni kwa baba na kutikisa kiwambo. Nyuma ya kiwambo kuna mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku ndio mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Ukiulaza juu ya punje ya mchele nafasi inabaki. Mifupa hiyo inasukuma majimaji yaliyomo kwenye koklea, mfereji mwembamba uliojisokota kama konokono. Ndani ya koklea umetandikwa utando, na juu ya utando zimepangwa seli zenye vinywele. Ufundi uko hapa: sauti nyembamba hutikisa utando pale mwanzoni, na kadiri sauti inavyokuwa nzito ndivyo mtikisiko unavyosogea kuelekea mwisho. Yaani sikio limepangwa kama malimba, kila sauti na chuma chake. Seli zinazopeleka habari ubongoni ni kama 3,500 tu kwa kila sikio, na ikifa moja haioti nyingine. (Vijana wanaoegemea spika harusini, na mabaharia wa boti zenye injini isiyo na mfuniko, waisome sentensi hiyo mara mbili.)

Kuanzia kwenye seli hizo hakuna tena mtikisiko, ni umeme. Unapanda kwa mshipa wa fahamu wa usikivu mpaka kwenye shina la ubongo, ambako habari za sikio la kulia na la kushoto zinalinganishwa ili mtu ajue dufu linatokea upande gani. Unapita stesheni nyingine mbili katikati ya ubongo, kisha unafika kwenye gamba la ubongo, juu kidogo ya masikio. Huko nako ule mpangilio wa malimba upo vilevile: sauti nzito ina mahali pake, nyembamba mahali pake. Yote haya ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla kiganja hakijashuka mara ya pili.

Baada ya hapo kazi inagawanyika. Kuna maneno ya kijiweni kwamba kushoto ni hesabu na kulia ni sanaa. Hayo yaachie kijiwe. Mgawanyo wenyewe ulionekana vizuri katika jaribio lililochapishwa mwaka 2020 na watafiti wa Montreal, Kanada. Walitunga sentensi 10 na tuni 10, wakazichanganya zikawa nyimbo 100, zikaimbwa kwa sauti tupu bila ala. Kisha wakaziharibu kwa kompyuta kwa namna mbili. Walipovuruga mwenendo wa sauti katika muda, ule ukataji wa haraka unaotofautisha "pa" na "ba", wasikilizaji walishindwa kushika maneno lakini tuni waliitambua. Walipovuruga unene na wembamba wa sauti, tuni ikapotea, maneno yakabaki. Walipopiga picha za ubongo ukiwa kazini wakakuta maneno yanategemea zaidi upande wa kushoto na tuni upande wa kulia. Sauti imetoka koo moja, lakini ubongo unaipasua kati kama wanavyopasua mgebuka wa kukausha, kila ubavu na upande wake.

Kwa hiyo kaswida ilipofika kichwani kwa baba, ubavu mmoja uliingia kwenye nyumba iliyobomoka na mwingine ukaingia kwenye nyumba iliyosimama.

Hapa nikuulize jambo ambalo hukuniambia: baba alikulia lugha gani? Kiha kina toni. Sauti ikipanda au kushuka, neno linaweza kubadilika maana, jambo ambalo Kiswahili hakina. Usidhani toni ya namna hiyo itaokolewa na upande wa kulia kwa kuwa inafanana na wimbo. Toni inayobeba maana ya neno ubongo huihesabu kuwa lugha, na wasemaji wa lugha za toni wakiumia kushoto huweza kukosea hata toni. Ila mwenye lugha mbili si lazima azipoteze kwa kiasi kimoja. Kama baba ni wa Kiha, mwamkie pia "mwakeye" asubuhi moja, usikilize kinachorudi.

Mdundo je? Hapa nitakaa, maana ndiko dawa ya baba iliko.

Mtoto mchanga wa siku mbili tatu, ukimpigia mdundo kisha ukaruka pigo kuu, mawimbi ya ubongo wake yanaonyesha kwamba ameliona pengo. Hilo lilipimwa na kuchapishwa mwaka 2009, na vichanga wenyewe walikuwa wamelala. Kwa mtu mzima, akisikiliza mdundo hata akiwa amelala chali bila kutikisa kidole, maeneo ya ubongo yanayopanga mwendo wa viungo yanawaka, pamoja na viini vilivyo ndani kabisa katikati ya ubongo ambavyo kazi yake kubwa ni kuanzisha na kupima mwendo. Ubongo unapolisikia dufu unaanza kuucheza kabla mwili haujainuka. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe na vitambaa kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo walilijua hili bila mashine: mmoja anaanzisha, msafara unaitikia, miguu inafuata wimbo, na mzigo mzito unasogea siku nzima.

Mjomba wangu wa Ng'ambo, Tabora, alikuwa mpiga gitaa enzi zile ambapo mji ule mmoja ulikuwa na Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids. Yeye hakuwa kwenye hizo. Alikuwa kwenye kabendi ka harusi kalikobadili jina kila mwaka. Uzeeni alishikwa na ugonjwa wa Parkinson, ambao hula seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini na kuvikausha vile viini vya ndani nilivyovitaja. Akitembea uani alikuwa hana neno. Akifika kwenye kizingiti cha mlango, miguu inaganda. Anasimama dakika nzima, vidole vinakwaruza sakafu, mwili umeinama mbele, miguu imekataa. Mkewe alimvuta mpaka akachoka. Siku moja alikuwa na sinia mkononi, kwa hasira akaligonga, ta-ta, ta-ta, na mjomba akavuka! Tangu siku hiyo sinia lilitundikwa msumarini kando ya mlango. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa udaktari mwaka wa pili, nimejaa majina ya mishipa, na sikuweza kueleza kilichotokea.

Leo naweza. Mota yake ya ndani ya kuwashia mwendo ilikuwa imechoka, na mdundo wa sinia ukaingia kwa masikio na kwenda kwenye maeneo ya mwendo kwa njia nyingine. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la wagonjwa wa Parkinson waliofanya mazoezi ya kutembea kwa kufuata mdundo kwa wiki tatu. Mwendo wao ulikuwa wa kasi kuliko wa wenzao waliofanya mazoezi bila mdundo. Kuanzishiwa, kama nilivyokuomba ukushike mwanzoni.

Utamu wa wimbo nao una mahali pake, nitaupitia haraka. Mwaka 2011, Montreal tena, walipima watu wakisikiliza muziki unaowasimamisha vinyweleo. Dopamini ilimwagika mara mbili, katika sehemu mbili tofauti: wakati kile kipande kitamu kinakaribia, na kilipofika. Ubongo unasikiliza huku unabashiri. Kiitikio cha kaswida kinakusisimua kwa sababu ulikuwa tayari unakingoja.

Turudi kibarazani. Umeshawahi kumwomba mtu aliyehifadhi sura ndefu aanzie aya ya katikati? Atanyamaza, atarudi nyuma aya mbili tatu kimoyomoyo apate mwendo, ndipo asome. Kilichohifadhiwa kwa miaka hukaa kichwani kama mnyororo: pete hii inaivuta ile, na tuni na mapigo yanaishika pamoja. Baba ameimba kaswida hizo tangu utotoni. Alipolisikia dufu, pete ya kwanza ikavutwa, zilizobaki zikafuata zenyewe. Hakuhitaji kuchagua neno hata moja. Yote yalishachaguliwa zamani. Salamu ziko hivyohivyo. Mwite "asalaam aleikum" kwa ghafla, naamini "wa aleikum salaam" itatoka kabla hajajua. Mhesabie "moja, mbili, ta..." huenda akafika kumi, ingawa ukimwonyesha vidole vitatu ukamwuliza ni vingapi atakwama. Laana ya yule Tan ni ya ukoo huohuo.

"Maji" asubuhi ile lilikuwa jambo jingine kabisa. Ulimtaka achague neno moja miongoni mwa maelfu, alitenge, alitamke, bila mnyororo wa kulivuta, huku nyumba nzima inamkodolea macho. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mwenye afasia. Akashindwa, nawe ukadhani ya usiku yalikuwa ndoto.

Na ili usidhani muziki wote uko kulia na uko salama, nikupe watunzi wawili. Vissarion Shebalin wa Urusi alipigwa na kiharusi mwaka 1953 na kingine 1959. Maneno yakamgomea, kusema na kuelewa, lakini aliendelea kutunga, na mwaka 1962 akamaliza simfonia yake ya tano; alifariki mwaka uliofuata. Mfaransa Maurice Ravel alikuwa kinyume chake kwa namna fulani: miaka ya 1930 ugonjwa wa ubongo ulimwondolea uwezo wa kuandika muziki aliokuwa akiusikia kichwani mwake. Aliusikia, akaupenda, akashindwa kuutoa. Alifariki 1937. Kusikia tuni, kuikumbuka, kuitunga, kuiandika na kuiimba ni kazi mbalimbali, na kila moja inaweza kuvunjika peke yake. Kuimba kwenyewe ni kazi ya kutisha ukiichambua: koo linabana na kulegea, pumzi inapimwa, sikio linasikiliza kilichotoka na kukirudisha ili koo lijirekebishe. Kati ya eneo la kusikia na eneo la kutamka kuna fungu la nyuzi kama barabara kuu. Kushoto huwa nene. Kulia lipo pia, jembamba.

Hiyo barabara nyembamba ya kulia ndiyo tunayotaka kuipanua.

Mwaka 1973 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha namna ya kutibu afasia kwa kuyaimba maneno ya kawaida. Wenzao wa mji huohuo, mwaka 2009, waliwapima wagonjwa 6 kabla na baada ya tiba hiyo wakaona nyuzi za upande wa kulia zimeongezeka. Wagonjwa 6 ni wachache, nisikupambie. Tena kuna ubishi: mwaka 2011, Leipzig, Ujerumani, watafiti waliwapima wagonjwa 17 wakakuta kusema kwa mdundo kulisaidia kama kuimba, na kwamba kilichobeba mzigo ni mdundo na maneno yaliyozoeleka, tuni ikiwa nyuma yao. Mimi kwa niliyoyaona kwa wagonjwa nipo karibu na watu wa Leipzig. Lakini tuni haidhuru, na mzee aliyekulia kwenye dufu mdundo usio na tuni atauona kama kugonga meza.

Fanya hivi. Kaa mbele yake, macho kwa macho, redio imezimwa. Shika mkono wake wa kushoto, ulio mzima, uuweke mezani chini ya kiganja chako. Chagua sentensi moja anayoihitaji kila siku. Usianze na "maji" kavu. Anza na "naomba maji". Kiswahili kimetupendelea hapa, silabi zake zimepangwa wazi na mkazo unajulikana ulipo, silabi ya pili kutoka mwisho. Na-o-mba ma-ji: silabi tano, mapigo matano ya mkono. Pale penye mkazo panda, pengine shuka: chini, juu, chini, juu, chini. Sauti mbili tu zinatosha, usimtungie kaswida mpya. Polepole, kama mtu anayepiga makasia bila haraka.

Kwanza vumisha tuni hiyo mdomo umefumba, huku ukimgongesha mkono. Kisha iimbe na maneno, yeye asikilize. Kisha imbeni pamoja, mara nyingi. Akizoea, wewe nyamaza katikati, mwachie "...maji". Siku nyingine imba wewe, yeye arudie peke yake. Mwisho kabisa mwulize, "Baba, unataka nini?" naye ajibu kwa sentensi ileile. "Nataka chai" ina umbo lilelile la chini-juu-chini-juu-chini, kwa hiyo ndiyo ya pili. Halafu "nisaidie", halafu "inauma hapa", halafu jina lako. Kwa wiki nyingi, punguza wimbo kidogo kidogo mpaka ubaki kama mtu anayesema kwa mkokoto. Dakika kumi na tano asubuhi na kumi na tano jioni, kila siku, zina faida kuliko saa mbili za Jumapili. Akichoka achaneni nayo. Ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi, na hasira inafunga ile njia kabisa.

Ukiona wiki mbili zimepita hakuna kitu, usikate tamaa mapema, lakini pia nisikudanganye. Wapo wanaofika kwenye sentensi chache za kila siku na kuishia hapo. Wapo wanaosonga zaidi. Miezi mitano tangu kiharusi bado ni mapema, na nafuu ya lugha imeonekana hata baada ya mwaka na zaidi.

Nje ya mazoezi, mwachie muziki wake. Mwaka 2008 watafiti wa Helsinki, Finland, walichapisha habari za wagonjwa wa kiharusi waliosikiliza muziki wanaoupenda wenyewe, angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili. Kumbukumbu ya maneno na umakini wao vilirudi vizuri kuliko vya waliosikiliza vitabu vya kusomwa kwa sauti, na kuliko vya wasiopewa kitu. Huzuni nayo ilipungua. Anaoupenda yeye, nasisitiza. Kama ni kaswida, kaswida. Kama zamani akiwa ziwani usiku na karabai alikuwa akiimba kitu kingine ambacho hakisemeki mbele ya masheikh, basi na hicho. Na wale wa maulidi waombe waje tena, wakae karibu yake.

Mambo ya hospitali usiyaache kwa sababu ya haya. Presha ipimwe na dawa asikose hata siku moja, maana kiharusi cha pili ndicho kinachotutia hofu kuliko cha kwanza. Mazoezi ya viungo yaendelee. Kama anapaliwa au kukohoa anapokunywa, mwambie daktari wake mapema, kabla chakula hakijamwingia mapafuni. Na uso ukipinda ghafla, au mkono wa kushoto nao ukalegea, msingoje asubuhi.

Mengine ni ya heshima. Msiongee kumhusu mbele yake kana kwamba hayupo, anawaelewa. Msimmalizie kila neno. Wala msimwimbishe kwa wageni, "Baba, hebu waimbie wauone muujiza." Ni mzee wa watu, hakupata kiharusi ili awe kitu cha kutazamwa.

Unapoanza zoezi la "naomba maji", weka kikombe mezani, na maji yawemo kweli. Siku itakayotoka, hata kwa tuni, hata nusu yake, usipige vigelegele kwanza. Mpe maji.